Nyumba Iliyokuja Nyuma Yao

Orrin Haugland alikuwa nje akimwaga maji machafu ya gari-nyumba lao, na mkewe Verna yuko ndani anakaanga viazi, mbwa alipokuja kumgusa goti kwa pua. Verna akazima jiko. Alikuwa kiziwi, na Otis, mbwa mwenye kizibao cha kazi cha rangi ya chungwa, alifunzwa kumsikilizia. Birika likilia au mtu akimwita, Otis humgusa goti kisha humpeleka ilikotoka sauti. Safari hii alimpeleka mlangoni, akakaa. Ndiyo namna yake ya kusema kengele imepigwa.

Gari halikuwa na kengele.

Verna akafungua mlango. Mbele yake ilikuwa kambi ya magari-nyumba ya hifadhi moja huko Wyoming, na baada ya kambi ni nyasi kavu hadi upeo wa macho. Orrin alikuwa amesimama na mpira wa maji mkononi, anaangalia barabarani.

"Umeisikia?" akauliza, akimgeuzia uso ili amsome midomo.

"Aliyesikia ni Otis. Kuna nini?"

"Kengele yetu. Ya nyumbani. Ile inayokatika mwishoni."

Nyumba iliwasili viazi havijapoa. Ilikuwa ile ile ya mbao nyeupe yenye kibaraza, waliyoishi huko Nebraska tangu walipooana. Kaunti iliuchukua mtaa mzima ili kurefusha njia ya kurukia ndege, matingatinga yakaletwa, na Orrin alisimama ng'ambo ya barabara akaitazama yao ikianguka. Sasa ilikuwa imesimama nyuma ya gari, imetulia. Madirisha ya mbele yalikuwa yamegandwa na wadudu waliokufa, kama kioo cha gari lililotoka mbali.

"Imechoka," Verna akasema.

"Lazima ichoke," akajibu Orrin, akaenda kutafuta kitambaa cha kufutia madirisha.

Verna alipovuka kizingiti alisikia friji ikinguruma. Masikio yake yalichukuliwa na homa baada ya kuhama, wakiwa tayari wanaishi barabarani. Nyumba haikuwahi kumjua akiwa kiziwi. Akasimama jikoni akisikiliza bomba likidondosha maji, lile ambalo Orrin alikuwa akiahidi kulitengeneza.

"Sema kitu," akamwambia mumewe.

"Niseme nini sasa?"

Verna akashika ukingo wa meza. "Sauti yako imezeeka, mzee wangu."

"Na wewe bado unaongea kama unaita ng'ombe."

Alilisema hilo akiwa amempa mgongo, anafungua makabati. Tangu ile homa alikuwa akisema na mkewe kwa kumwelekea tu, kwa maneno mafupi mafupi yanayosomeka mdomoni. Jioni ile alizungumza kutoka chumba kingine, akazungumza huku anatafuna, akazungumza taa zimezimwa. Verna alimwacha aseme.

Asubuhi akaja jirani yao wa kambini, Lamar Petrie, mstaafu wa kutoka Ohio, kikombe cha kahawa mkononi.

"Hiyo nyumba yenu inanizibia dishi. Jana nimekosa mpira."

"Tutaiambia isogee," akasema Orrin.

"Iambieni mapema, bwana. Leo kuna mechi nyingine."

Ikasogea. Baadaye akapita askari wa hifadhi, dada mmoja aitwaye Maribel Ochoa, akaizunguka nyumba akiangalia chini yake.

"Mama, kisicho na magurudumu hakiruhusiwi kulala hapa."

"Imekuja yenyewe," Verna akasema.

"Hilo naliona. Basi na iondoke yenyewe."

Wakaondoka wote. Mchana gari lilitangulia, na jioni nyumba ikawafikia, Idaho, kisha Utah. Mara nyingine ilichelewa, kwa kuwa haikuweza kupita chini ya madaraja. Verna akawa kiziwi mchana na mwenye masikio jioni, na kila alasiri alitazama nyuma kama mke wa baharia. Ikichelewa, hakula.

Aliyekonda ni Otis. Ndani ya nyumba ile hakuwa na kazi. Birika likilia, alimkuta Verna ameshafika. Orrin akimwita mkewe, mkewe ameshaitika. Mbwa akaanza kulala garini peke yake, kizibao mwilini. Ikabidi Verna aache birika lipige mluzi mpaka jiko lijae mvuke, yeye anatazama dirishani, hadi pua ya baridi imguse goti. "Ahsante, baba," humwambia. "Bila wewe ningesikiaje?"

Huko Utah, Verna akasema, "Inatufuata kwa sababu haina pa kusimama. Tuirudishe kwao."

Orrin hakubisha. Alikuwa amengoja mwenzake aseme.

Walipofika Nebraska, mtaa wao ulikuwa umezungushiwa waya, na ndani ya waya kulikuwa na nyasi tu, zimekatwa vizuri. Njia ya ndege haikujengwa. Ofisa wa kaunti, Bwana Keough, aliwapokea langoni kwa upole.

"Poleni na safari. Lakini hapa ni pa njia ya ndege."

"Ndege ziko wapi?" Orrin akauliza.

"Mradi ulifutwa, mzee."

"Basi pako wazi."

"Pako wazi kwa ajili ya mradi."

Hakuwa mtu mbaya. Alijifuta viatu kibarazani kabla ya kuingia kuiambia nyumba maneno yale yale.

Verna ndiye aliyeiona nyumba nyingine, ya kijani, imejibanza kwenye waya upande wa pili, taa ya kibarazani inawaka. Ilikuwa ya Wendell Skaar, jirani yao wa miaka yote. Wendell alikwisha kufa, katika chumba cha chini ya ardhi kwa binti yake huko Omaha, akiulizia funguo.

"Haijaambiwa habari za Wendell," Verna akasema.

Orrin akavua kofia, akaingia. Alikaa sana. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu, akapanda garini, akawasha.

Nyuma ya waya mashine ya kaunti ilikuwa imeanza kukata nyasi. Walipoingia barabara kuu, Orrin aliona nyumba yao kwenye kioo cha pembeni, inakuja kwa mwendo wake wa siku zote. Nyuma yake, mbali kidogo, inayumba kama isiyozoea njia, ikaja ya Skaar.

Orrin akapunguza mwendo.