Moyo wa Kokugonza

Jumatano, tarehe kumi na nne Machi, mwaka 1951, Rwegoshora aliletewa mkewe akiwa hana moyo. Wabeba machela walimteremsha Kokugonza mlangoni, wakanywa maji, wakaenda zao.

Kemirembe, dada wa marehemu, ndiye aliyegundua wakati wa kumwosha. Alitoka nyuma ya nyumba mikono ikichuruzika maji.

“Shemeji, dada ameshonwa kifua kama gunia la kahawa.”

Wakamzika hivyo hivyo mgombani. Maiti haingoji kesi.

Aliyeutoa moyo ule ni daktari wa Kizungu, Bwana Ellwood, aliyekuwa amepiga mahema yake Rugera. Watu waliyaita Kambi ya Damu. Kwanza alikusanya watoto wenye macho ya manjano na viungo vinavyouma, akasema damu yao ukiitazama kwa hadubini imejikunja kama mundu. Baadaye akageukia mioyo. Kokugonza alipelekwa kwake kwa sababu hakuweza tena kupanda kutoka kisimani na mtungi bila kukaa njiani, midomo imemgeuka rangi.

Daktari alimsikiliza kifua, akarudia, akarudia tena, macho yakimng'aa kama ya mtu aliyeokota kito. Rwegoshora hakuyapenda macho yale.

“Utotoni uliugua koo, mama? Na magoti?”

“Niliugua, bwana.”

“Basi damu yako ilitoka kupigana na ugonjwa, ikakosea njia, ikapiga moyo wako wenyewe. Dawa ya kuurudisha sina, sikudanganyi. Nataka kujua kwa nini inakosea.”

“Ni kama askari wa serikali,” Kokugonza alisema. “Wametumwa kumfukuza mwizi, wamempiga mwenye nyumba.”

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kwa furaha hiyo akamtia Rwegoshora masikioni mipira yake ya kusikilizia moyo, naye asikilize. Kilichosikika humo hakikuwa kama ngoma. Kilikuwa kama mivukuto ya mhunzi iliyotoboka, inavuta, inavujisha, inavuta.

“Unasemaje huo moyo?” mkewe aliuliza.

“Unasema mtungi nikubebee mimi.”

Na akaubeba. Wanaume wa kijiji chao cha Ndama walimcheka njia nzima. “Mama Rwegoshora, umeamkaje?” Akaendelea kupanda. Ni nani kati yao aliyewahi kusikia moyo wa mkewe?

Kokugonza alikata roho pale kambini, Rwegoshora akiwa amerudi nyumbani kumpikia ndizi. Daktari akatoka hemani akauliza mwenye mtu huyu ni nani, apewe ruhusa ya kumpasua. Mkungu Ndyamukama, kiongozi wa kitongoji, alikuwapo akinywa chai ya wageni. Akajibu kwamba mwenyewe ni yeye. Ardhi yote ile ilikuwa nyarubanja yake: ukilima, umelima kwake, na ukifa, umefia kwake.

Rwegoshora alimfuata baada ya maziko.

“Shikamoo, mkungu.”

“Marahaba. Mbona umenuna?”

“Nani alikuambia mke wangu ni wako?”

“Kibanja unacholima ni cha nani?”

“Chako.”

“Basi. Na moyo wenyewe ulikuwa mbovu, Rwegoshora. Kiazi kibovu nacho unakidai?”

“Kiazi kibovu cha shamba langu nakitupa mimi.”

“Huna shamba wewe,” mkungu alisema, akacheka, na waliokaa naye wakacheka pia, maana nao walikuwa wapangaji.

Rwegoshora alipofika Rugera kuudai moyo alikuta nyasi zilizolala, zimekauka njano mahali pa mahema. Daktari alikuwa amekwenda na masanduku yake.

Toka siku hiyo akakataa matanga yaondolewe. Wazee walikuja, mchungaji akaja. Aliwajibu kwamba mazishi ya nusu hayamalizwi. Binti yake Placida alikuwa amechumbiwa, na harusi haiingii nyumba yenye msiba. Mwaka wa tatu watu wa mchumba wakatuma neno la mwisho: mavuno haya, au watafute kwingine. Placida akawa anapika huku amegeukia ukuta.

Ndipo Rwegoshora alipokwenda kwa Desderius, tabibu kijana wa zahanati, aliyesomea Makerere, kuuliza habari za daktari yule.

“Shikamoo, mzee. Namjua Ellwood. Sasa ni mkubwa mno huko Ulaya, maandishi yake yanasomwa mpaka Amerika. Nasi mtoto akiugua koo tunamchoma sindano mapema, moyo usiharibike. Mke wako amesaidia, mzee.”

“Alisaidia. Hakuombwa.”

Desderius aligeuka, akazipanga sindano mezani.

“Moyo wenyewe uko wapi?” Rwegoshora aliuliza.

“Kwenye chupa, ndani ya dawa isiyouachia uoze. Wanafunzi wanausoma.”

“Waandikie waulete. Nina binti wa kuoza.”

“Niliwahi kuwaandikia juu ya mambo mengine, mzee. Hawajibu watu kama mimi.”

Rwegoshora alikaa akizitazama sindano mezani, safi, zimepangwa. Angependa kuzichukia, akashindwa.

“Basi hili utalijua, mwanangu, wewe umesoma,” alisema. “Wakimaliza kuusoma, watauzika, au watautupa?”