Nusu Inayobaki

...na wala daktari wetu wa hesabu hakulisoma jibu langu, alilitupia jicho tu kama mtu apitaye kibanda cha nyanya asizotaka kununua, akachora duara jekundu, sifuri, kwa kuwa karatasi yake ya majibu inasema hasi cos mraba gawanya kwa mbili, na mimi nimeandika sin mraba gawanya kwa mbili, "Halifanani, Umm Kinan, kaa nje nitakuita," Umm Kinan! mtaani kwetu Irbid wakiniita kwa jina la mwanangu, mama yake Kinan, ni heshima, nafurahi, lakini kwenye orodha yake mimi ni Rawand, wenzangu wote kawaita kwa majina yao, na yule kijana nyuma yangu akadakia, "Daktari, labda mtoto ndiye aliyefanya mtihani," wakacheka, daktari mzima akacheka nao... nyamaza Kinan, nyamaza baba, hatuendi popote... nimepata arobaini na saba, na kufaulu ni hamsini, swali lile lina alama tano, tano! nikifeli narudia Kalkulasi ya Pili, na mama mkwe kashasema, "Mwaka mmoja nimekupa wa kukulelea mtoto, binti yangu, mgongo wangu nao una haki," simlaumu hata kidogo, huyu alikuwa ananimenyea vitunguu ili nipate kusoma palepale jikoni, nitamwambia nini, kwamba jibu halikufanana?... "Kunywa, mama," ni Umm Suhaib, msafishaji wa jengo hili, kaacha ndoo yake, kanipa kiti chake na chai yake, "kunywa, huyo humchelewesha hata mkewe," nacheka na machozi yananitoka, mbona huyu hakuniuliza nimefanana na nani kabla ya kunipa kiti... hebu kalamu iko wapi, naandika nyuma ya kadi ya chanjo ya Kinan, nalirudisha jibu langu nyuma hadi lilikotoka, napata sin mara cos, swali lenyewe, nalirudisha lake, napata sin mara cos, lilelile! natoa lake kwenye langu, inabaki nusu, weka x yoyote utakayo, nusu tu, na nusu hiyo imo ndani ya ile C, namba yoyote isiyobadilika, tunayoiongeza mwishoni mwa kila jibu, yeye mwenyewe ametuimbisha muhula mzima, msisahau C, msisahau C, kumbe aliyeisahau ni yeye... sasa Rawand, sema kweli, mtoto umemleta wa nini, si bibi yake alisema leo atamshika? ulimleta aonekane, daktari amwone shavu lake aseme haya, maskini, chukua tatu... astaghfirullah, na alama ni zangu, nilizipata kwa mkono wangu, za huruma sizitaki... "Shangazi Umm Suhaib, nishikie huyu kidogo," "Lete, lete, njoo kwa bibi, mnono wangu," na Kinan kanyamaza papo hapo, msaliti mdogo... mlango bado umefungwa, ndani bado wanacheka, chai bado inatoa mvuke, nimesimama na kadi ya chanjo mkononi, na mkono wa pili, ambao tangu asubuhi ulikuwa na mtoto, nautumia kugonga.