Pome za Kupika

Kambale alikuwa na aina moja tu ya pome, yaani matufaha, dukani kwake mtaani Kasuku: nyekundu, zilizokuja kwa ndege kutoka Goma. Akaingia Mama Francine, mke wa mkubwa mmoja, aliyerudi juzi kutoka Ulaya. Alitaka aina tatu: za kupika, za kuoka na za kula.

"Iko, mama," Kambale akajibu bila kupepesa macho. Akamtengea ngumu za kuoka na zinazong'aa za kula. Zilizopondeka, alizokuwa karibu kuzitupa, akazishika kwa heshima. "Hizi njo za kupika. Ni adimu."

Jumamosi wageni wa Francine walilamba sahani za rojo ya pome. Jumatatu wake wa wakubwa watano walijaa dukani, wakitaka za kupika tu na kuzikataa zile nzuri. Kambale akaingia stoo, akaanza kuziangusha sakafuni moja moja, roho ikimuuma.