Mtoto wa Fundi Saa

Wamemuua mtoto wa fundi saa. Nilitoka sinema mchana kweupe nimefura, watu wakinipisha mlangoni, nikajisemea kuwa leo ama zangu ama zao.

Riwaya iliyozaa filamu ile nimekua nayo. Mama ni fundi cherehani, na alasiri wateja wakipungua alikuwa akitusomea, mguu umetulia kwenye pedeli, pini amezibana upande mmoja wa mdomo, sauti ikijipenyeza laini upande wa pili. Mimi na mdogo wangu tulilala juu ya marobota ya vitambaa. Huyo mdogo wangu tulimpachika jina la Siafu, kwa kuwa alikuwa mdogo na mkali, ingawa mwaka ule homa ilikuwa imemmaliza ukali wote. Nikifumba macho hadi leo nazisikia saa za yule fundi zikigonga, kila moja na wakati wake, na sijui kama zinagonga kitabuni au chumbani kwetu. Binti yake anaugua. Saa zinasimama, hii leo, ile kesho. Kisha asubuhi moja binti anaamka, anaomba maji, na saa zote zinaanza kutembea.

Sasa mtu na kamera yake anakuja kuniambia kwamba hakuamka!

Mimi ni mhakiki wa filamu gazetini, na waongozaji wananijua: kalamu yangu haina breki. Njiani nilishaandika nusu ya makala kichwani. Lakini nina mwiko mmoja. Siisemi filamu kwamba imekisaliti kitabu kabla sijanukuu ukurasa wenyewe, na kitabu kilikuwa kwa Mama. Sikuwahi kukisoma kwa macho yangu. Nilishalishwa nikashiba, kijiko nilikitakia nini?

Nilimkuta anapinda suruali ya mteja. Nikakichomoa kitabu chini ya kopo la vifungo, nikafungua sura ya mwisho nikiwa bado nimesimama.

Binti anakufa sura inapoanza tu. Haombi maji. Saa haziamki.

"Mama, huyu mtoto amekufa!"

"Alikufa zamani," Mama akasema bila kuinua macho. "Aliyekiandika ndivyo alivyotaka."

"Wewe ulitusomea kwamba anapona."

"Siafu alikuwa ananiuliza kila siku, 'Mama, atapona?' Ungekuwa wewe ungesoma nini?"

Nikakaa chini. Mwanga wa dirishani ulikuwa umetuama sakafuni, na kwa kitambo sikujua nina umri gani.

"Lakini tulipofika mwisho, Siafu tulikuwa tumeshamzika. Msikilizaji nilibaki peke yangu. Mbona hukusoma kilichoandikwa?"

Mama akazitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye mto wa sindano.

"Wiki ile nilikuwa nimezika mmoja, mwanangu. Wa pili sikumuweza."

Nililia, sioni haya kusema. Na katikati ya kulia nikaona aibu ya kazi yangu: nilikuwa nakwenda kumsulubu mtu kwa kosa la kuwa mwaminifu. Filamu yake niliipima kwa kitabu ambacho hakikuwahi kuchapishwa popote.

Mama aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Na hiyo sinema yenyewe, mama wa mtoto anafanyaje?"

Nikarudi ukurasani. "Humu kitabuni anapiga ukunga, majirani wanajaa mlangoni. Kwenye filamu halii hata chozi. Anakunja nguo za mtoto. Anakunja, anakunjua, anakunja tena. Hapo ndipo nilipopania kuwasema kuliko pote. Kwamba wamemfanya mwanamke jiwe."

Suruali ilimteleza Mama mapajani, asiiokote.

"Aliyetengeneza hiyo filamu amewahi kufiwa na mtoto?"

"Sijui, Mama."

"Basi hapo kitabu ndicho kilichokosea," akasema. "Mimi nilikunja mpaka jioni. Kaandike hivyo, ila usinitaje."