Chemba Kubwa Zaidi

Orrin Haugland alipewa kiti akakikataa. Aliizunguka karakana ya Delbert, fundi bunduki wa mji wao huko Montana, akishika hiki na kuacha kile, kahawa yake ikipoa mezani.

"Nipanulie chemba," alisema tena, akionyesha pale risasi inapokaa kwenye bunduki yake. "Nataka iingie risasi ndefu, yenye baruti ya kutosha. Msimu wa kuwinda elki unafunguliwa Jumamosi."

"Bunduki imekukosea nini?"

Mwaka jana Orrin alimpiga risasi ya tumbo elki dume, kulungu mkubwa wa milima ile, mnyama akatokomea mlimani na jeraha lake. Walimtafuta mpaka theluji ikafuta damu. Aibu ile ilimkaba mwaka mzima. Na binti yake Signe, mwindaji mwenzake, alimwambia wazi: baba, ukijeruhi mwingine, hushiki tena bunduki mlimani.

"Haina nguvu," alijibu.

"Chuma nikishakikwangua hakirudi, bwana. Twende nyuma kwanza, nikuone ukipiga."

Uwanjani Delbert alimpakilia bunduki mwenyewe. Orrin akalala kifudifudi, akafyatua. Kitako kikamgonga bega, tundu likatokea chini kabisa ya karatasi ya shabaha.

"Umeona? Dhaifu!"

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

"Rudia," Delbert alisema, akampakilia nyingine.

Safari hii ilisikika ta! tu, basi. Delbert alikuwa amepenyeza risasi isiyo na baruti. Hata hivyo bega la Orrin liliruka, macho yakafumba, na mtutu ukainama kwa nguvu.

"Mshenzi wewe," Orrin akasema, bado kalala. "Umejua tangu lini?"

"Tangu upasuliwe bega. Unaiogopa, rafiki yangu. Nikiipanua itakugonga zaidi, nawe utaiogopa zaidi."

Orrin aliinuka, akaenda hadi kwenye uzio, akarudi, akaenda tena. Aiogope bunduki aliyoibeba tangu ujana! Mafundi wapo wengi. Mwingine angempanulia bila maswali. Kisha akamkumbuka yule dume akipanda mlima huku akiyumba.

"Ipunguze, basi."

"Chemba haipunguzwi. Nitakata mtutu kwa nyuma, nichimbe nyingine ndogo. Itakuwa fupi kidogo."

"Hata mimi nimefupika. Jumamosi itakuwa tayari?"

"Thubutu! Jumamosi itakuwa vipande mezani kwangu."

Orrin aliitazama bunduki, akamkabidhi.

"Kata. Jumamosi atapiga Signe, mimi nitambebea darubini."

Akaingia ndani, akavuta kile kiti, akakaa.