Sampuli C

Omosede alikuwa amebakiza slaidi mbili tu amalize kutetea tasnifu yake ya uzamili, alipotambua ile juisi aliyokuwa anakunywa Profesa Akpofure, mtahini wa nje kutoka Warri.

Chuoni kwao Benin City, mwanafunzi anayetetea ndiye anayewalisha watahini, na ukiwa mkono wa birika utaulizwa maswali mpaka ulie. Omosede alilipia moi-moi za kunde za kupikwa kwa mvuke, wali na maji ya chupa. Juisi hakununua. Hiyo aliitoa Mama Itohan, karani wa idara, kwenye friji ya maabara, kwa kuwa alikuta pakiti nzima nzima zimekaa bure, na yule mama kuona kitu kinaharibika hawezi.

Profesa akajimiminia bilauri ya pili. "Binti, unasema sampuli C ina vijidudu vya kinyesi."

"Ndiyo, Profesa."

"Na asidi?"

"Kidogo mno. Ndiyo maana vimestarehe humo."

Akapiga funda. "Tangu asubuhi nasomewa A, B, C kama mtoto wa chekechea. Hiyo C ni juisi gani?"

Omosede aliogopa, tusidanganyane. Mwezi uliopita mzee huyu alimwangusha mtu kwa jedwali moja tu. Miaka miwili ya kupima juisi ilikuwa inamponyoka hivi hivi anaona. Angetaja kampuni nyingine, nani angejua? Lakini Mama Itohan alishasimama mlangoni na pakiti nyingine, tayari kumwongezea mgeni.

"Ni hiyo unayokunywa, Profesa."

Mkuu wa idara akaisogeza bilauri yake polepole mpaka ikafika mbele ya jirani yake.

"Hii hii?"

"Hiyo hiyo. Zilitengenezwa siku moja na zile nilizopima."

"Sasa wewe mtoto," Mama Itohan akasema, "si ungebandika karatasi?"

"Nilibandika, mama."

"Ile niliibandua. Mgeni hapewi kitu kina makaratasi."

Profesa akaiweka bilauri mezani, akapangusa midomo. "Huchukua muda gani kumshika mtu?"

"Siku moja mpaka tatu, Profesa."

Mzee akatazama saa yake. "Basi nileteeni fomu nisaini sasa hivi."

Akamfaulisha kwa alama za juu. Kwenye nafasi ya maoni akaandika, kwa mwandiko safi usiotetemeka, kwamba matokeo ya sampuli C yatahakikiwa na mtahini wa nje.