Kipimo Kinachomngoja Mgeni Rasmi

Kila alipofika katikati ya bwawa la chumvi na reki lake, kigimbi cha mguu wa kushoto kilimkaza Kazija, akasimama. Wenzake wakamtania kuwa anangoja mchumba. Kidonda cha kidole gumba cha mguu huohuo kilikataa kupona, na hakuna aliyeshangaa: mvuna chumvi gani hana kidonda? Chumvi imemla, wakasema, hata kidole kilipogeuka cheusi.

Kumbe chumvi ilisingiziwa. Hospitalini daktari Cletus, kijana wa Rondo, aliushika mguu akaukuta wa baridi, akamweleza kuwa mishipa ya damu imeziba na kidole lazima kikatwe kabla uozo haujapanda. Lakini mishipa ya miguu ikiziba, mara nyingi na moyo una hitilafu. Je, huishiwa pumzi akienda mbali?

"Huko mbali nitafika saa ngapi, mwanangu? Mguu unanisimamisha mapema."

"Ndiyo maana moyo haujapata nafasi ya kulalamika, mama. Nikikukata bila kuupima, unaweza kunifia mezani."

Kipimo cha moyo kilikuwepo, chumba cha jirani, kipya, utepe mwekundu mlangoni. Hakiwashwi. Katibu wa hospitali, Bwana Abdulrazak, alisema kinamngoja mgeni rasmi aje kukizindua, na mgeni ameshaahirisha mara mbili. Daktari akamsihi palepale koridoni, akamwambia kidole hakina subira hiyo. Katibu akacheka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema. Mama arudi baada ya sherehe. Mwenyeji mwenyewe anaoza, na mtu mzima mwenye tai anamtolea methali!

Kazija aliyasikia yote akiwa kwenye benchi. Hasira ilimpanda mpaka pumzi zikambana, naye hajainua hata unyayo. Akaogopa. Kisha akainuka, akainama chini ya utepe, akapanda na kidonda chake kwenye kitanda kilichokuwa kando ya mashine.

Daktari alimfuata, akanyoosha mkono kuiwasha. Katibu akamwahi, akachomoa waya ukutani, akauviringa na kuutia kwapani. Akamkumbusha daktari kwamba mkataba wake ni wa muda. Daktari akainamisha kichwa.

"Shuka, mama," katibu alisema. "Unachafua shuka la wageni."

Kazija akajifunika kanga, akageukia ukuta.

"Sishuki. Huyo mgeni wenu akija atanikuta hapahapa. Kama mzima, kama maiti, mtajua wenyewe mtakavyopiga picha zenu."